Hatujaja Kula

Kijijini Mtambalika hapakuwa na baiskeli ambayo haijapita mikononi mwa Waisoni. Ukimletea gurudumu lililopinda, atalizungusha, atalisikiliza, atagonga hapa na kukaza pale, na wewe utaondoka ukipiga kengele kama bwana harusi. Malipo je? "Utaleta ukivuna, kaka." Kanisani aliimba ile sauti nene inayotetemesha mabenchi. Akikutana na bibi kizee mwenye kuni, atamtua mzigo na kumfikishia nyumbani. Sasa nani angeamini? Watu husema nyumba njema si mlango, lakini wanasema tu. Wakiona mlango umepakwa rangi, wanausifu na kwenda zao.

Ndani ya mlango ule aliishi Falesi.

Falesi hakuwa mwenyeji. Kwao ni Namikombe, ng'ambo ya mto, na desturi ya watu wa pande zile ni kwamba mwanamume ndiye anayehamia kwa kina mke. Atajenga huko, atalima huko, na akikosa adabu atarudishwa kwao na blanketi lake begani. Lakini akitaka kumchukua mke ampeleke kwake, sharti aombe, na akikubaliwa, mke anakwenda kwa chitengwa, yaani ameazimwa tu, wenyewe wapo. Waisoni aliomba kwa maneno matamu, na Mjomba Binweli, kaka wa marehemu mama yake Falesi, akakubali hata kabla maneno hayajaisha. Mjomba Binweli ndiye aliyekuwa nkhoswe wa Falesi, msimamizi wa ndoa yake na mdomo wake mbele za watu. Upande wa Waisoni nkhoswe alikuwa jumbe wa kijiji mwenyewe, kaka wa mama yake. Wasimamizi hao wawili walikula kuku wa ndoa pamoja, na tangu siku hiyo jambo lolote la nyumba ile lilipaswa kupita kwao.

Mke wa chitengwa akichoka hafungi virago akaondoka. Lazima nkhoswe wake aje amchukue, mchana kweupe, jumbe akishuhudia. Akitoka kwa miguu yake mwenyewe, basi yeye ndiye aliyevunja nyumba. Vyombo vyake atavisahau, jina lake litatafunwa, na siku nyingine akilia hapatakuwa na wa kumsikiliza. Kwa hiyo Falesi alikaa akimngoja nkhoswe wake.

Si kwamba Mjomba Binweli hakuja. Alikuja, tena si mara moja. Kila alipotumiwa habari alipanda baiskeli yake, ambayo breki zake alizitia Waisoni, akavuka mto. Waisoni alimpokea njiani, akaishika baiskeli, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo. Kuku akachinjwa. Maji ya kunawa yakaletwa, na aliyeyaleta ni Falesi mwenyewe, amepiga magoti, jicho limevimba kama andazi. Mjomba akanawa. Mjomba akala paja. Sasa mtu aliyekwisha kulamba mchuzi wa mwenzake atamkemea kwa ulimi gani? Alipokwisha kushiba alijifuta mdomo na kusema, "Wanangu, ndoa ni kuvumiliana. Vikombe vikikaa kapu moja havikosi kugongana. Wewe Waisoni, punguza hasira. Na wewe Falesi, punguza mdomo." Kisha akaondoka, matairi yamejazwa upepo bure.

Kabla baiskeli haijafika mtoni, Waisoni alikuwa ameshafunga mlango.

"Umenishitaki kwa mjomba wako," alisema. "Haya. Mwite sasa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara. Kila mjomba alipokuja kutetea, kipigo kilichofuata kilizidi kile alichokuja kukikemea, hata Falesi akaacha kutuma habari. Aliwahi kwenda polisi pia, mdomo umepasuka. Askari wa kike, mtu mpole kabisa, alimpa kiti na maji, akamuuliza, "Umeshapita kwa nkhoswe wako?" Akajibu amepita. "Alisemaje?" Akajibu amemwambia avumilie. "Basi rudi kwake, mje wote. Mambo ya ndoa yana ngazi zake, mama." Ni ngazi gani hiyo, mtu akipanda kidato kimoja anajikuta yuko chini kuliko alipoanzia?

Aliyemfundisha la kusema alikuwa mama mkwe. Nyumba zao zilikaa ubavu kwa ubavu, na mara ya kwanza kabisa, Falesi alipotoka asubuhi akiwa hawezi kufumbua jicho, yule mama alikuja na kitambaa cha maji moto, akamkanda bila kuuliza kitu. Alipomaliza alisema, "Ukiulizwa, sema uliteleza kisimani. Hata mimi niliteleza palepale." Falesi alishukuru. Ilipita miezi kabla hajajua kwamba kile kisima kilichimbwa baba mkwe akiwa ameshazikwa.

Mwaka ule mvua zilipokatika, Waisoni alimvunja kidole.

Siku chache baadaye Falesi alikwenda soko la njia panda kununua chumvi, akiwa na Tiyamike, binti yake wa pekee, ambaye meno ya utoto yalikuwa bado hayajaanza kung'oka. Pale njia panda alikaa Enelesi, mdogo wa marehemu mama yake Falesi, akiuza mandazi. Katika ukoo wao Enelesi alikuwa mwiba. Alikuwa ametoka kwa mumewe kwa miguu yake, bila kungoja mtu, na mpaka leo kwenye kikao cha ukoo akifungua mdomo utasikia mtu anakohoa. Wenye mabinti waliwaonya, "Utaishia kwenye karai la mafuta kama Enelesi." Falesi naye alikulia maonyo hayo na alizoea kumwamkia kwa mbali. Siku hiyo hakuweza, maana mtoto aliona mandazi akaanza kulia.

Akapiga magoti, akaamkia, akanyoosha mkono kupokea. Akanyoosha wa kushoto.

Enelesi akarudisha andazi lake nyuma.

"Tangu lini unanipokea kwa kushoto, mtoto wa dada? Mimi ni wa ovyo, sawa, ukoo mzima umeshapitisha. Lakini kushoto, kweli?"

"Nisamehe, mama mdogo."

"Sitaki samahani. Toa wa kulia."

Falesi hakuutoa. Enelesi alimtazama, kisha akainuka, akazunguka karai, akajifanya anamfunga kitenge vizuri kama wanawake wafanyavyo barabarani. Kwa kufanya hivyo akakifunua. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, umegeuka rangi ya bilinganya, na kidole kimoja kilielekea kusikoelekea wenzake.

"Nilianguka kisimani," Falesi akawahi kusema.

"Kisimani." Enelesi akakifunga kitenge kama kilivyokuwa. "Mimi nilikuwa naangukia chooni. Tena choo chenyewe kikavu, panya anaweza kulala." Akampa Tiyamike mandazi, akamgeuza atazame upande wa wauza kuku. "Kula, mjukuu wangu. Hesabu wale majogoo." Kisha akachuchumaa karibu na Falesi. "Binweli anajua?"

"Nimeacha kumwambia. Akija anakula, akiondoka napigwa."

"Ndiyo kazi yake hiyo, kula."

Falesi alianza kulia, kwa namna aliyozoea, bila sauti. "Mama mdogo, nisirudi. Nilale kwako."

Mafuta yalikuwa yanaungua, naye Enelesi hakuyatazama.

"Ukilala kwangu leo, kesho watakuja kukuchukua, na huyo mjomba wako atakuwa mbele anaonyesha njia. Watasema nimekufundisha. Watakurudisha, na safari hiyo hutakuwa na pa kusemea tena maisha yako yote. Mimi nilitoka, mwanangu, na mpaka leo natafunwa. Wewe nataka utolewe. Uende na sufuria zako na mtoto wako, na mtu asikukoholee. Unipe mpaka siku ya soko ijayo."

"Akinipiga kabla?"

"Akikupiga kabla, achana na desturi. Kamata mtoto, njoo. Tutatafunwa wawili."

Yaliyotokea Namikombe baada ya hapo Falesi alikuja kusimuliwa. Enelesi alifunga biashara, akawakusanya wanawake wa ukoo, mabinti wa mama zake wadogo na wakubwa, wote ambao Binweli hujivunia kwamba ni watu wake, na akaingia nao nyumbani kwa kaka yake bila kubisha hodi. Binweli alipinga. Alisema mambo ya ndoa hayapelekwi kwa kundi, na kwamba Waisoni ni kijana mzuri. Enelesi akamwambia, "Mdomo usiotaka kusema unang'olewa meno, kaka. Utakwenda, na utatangulia wewe kwa sababu ni mwanamume na jumbe atataka kumwona mwanamume. Ila kwa sharti moja. Usinawe." Binweli alikasirika. Lakini mwanamume wa Namikombe bila wanawake wa ukoo wake nyuma yake ni mtu tu mwenye kofia, na yeye alilijua hilo kuliko wote.

Huku Mtambalika wiki ile Waisoni aligeuka asali. Alichonga kijiti, akakinyoosha kile kidole na kukifunga kwa utepe wa mpira wa tairi, taratibu, akikipuliza kama anampuliza mtoto mchanga. Alileta sukari. Alimwita "mama Tiya" na kumchekesha. Falesi alijichukia kwa jinsi moyo wake ulivyolainika. Ilifika mahali akaanza kuomba Mama mdogo asije, hata maneno ya kumwambia akayapanga: yamekwisha, tumepatana, samahani kwa usumbufu. Watu ambao hawajapigwa hudhani mpigaji hupiga kila siku. Angepiga kila siku, nani angekaa? Kinachomfunga mtu ni zile siku za sukari.

Siku ya soko ikafika, nao wakaja. Mbele Mjomba Binweli, kwa miguu. Nyuma yake Enelesi na wanawake wa ukoo, kila mmoja na kapu tupu kichwani. Kundi la wanawake halitembei na makapu matupu bure, na njia nzima watu waliacha kazi wakawatazama.

Jumbe alikuwa amepelekewa habari kama inavyotakiwa, kwa hiyo Waisoni alijua wageni wanakuja. Alikuwa amefagia uwanja mwenyewe. Kuku alikuwa jikoni, anapikwa na mama mkwe kwa sababu ya kidole cha Falesi, na harufu yake ilifika mpaka barabarani.

"Karibuni, wakwe zangu, karibuni sana. Mjomba, leo kwa miguu? Baiskeli imefanya nini? Ungeniletea."

"Nzima," Mjomba akasema, akitazama viatu vyake.

Wakakaa. Jumbe akaja na kigoda chake, majirani nao wakaja, wengine bila hata kisingizio. Wakasalimiana kwa makofi kama inavyopasa, wakaulizana mashamba, wakaulizana mvua. Kisha chakula kikaletwa, ugali na kuku mzima, na Waisoni mwenyewe akachukua beseni la maji, akapiga magoti mbele ya Mjomba Binweli. Mwanamume kupiga magoti na beseni si jambo linaloonekana kila siku, na majirani walinong'ona kwa kumsifu.

Mikono ya Mjomba Binweli ikaanza kuinuka yenyewe.

"Kaka," Enelesi akasema. Hakusema zaidi.

Mikono ikasimama hewani. Ikarudi magotini.

"Hatujaja kula," Mjomba akasema.

"Umesemaje, mjomba?"

"Nimesema hatujaja kula." Sauti ilikuwa ndogo, akakohoa, akaisukuma tena. "Nimekula hapa mara nyingi, nikashiba, nikaondoka. Leo tumekuja kumchukua mtoto wetu."

Kukataa chakula cha wakwe ni tusi lisilofutika, na kila mtu pale alilisikia. Falesi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na miguu imekunjwa, aliona beseni likitikisika kidogo mikononi mwa mumewe, kisha likatulia. Waisoni akalitua. Akatabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyeonewa.

"Sawa. Mimi simfungi mtu kamba. Lakini Jumbe, mjomba wangu, na mimi nina jina langu. Mtu asichukuliwe kama mbuzi, aulizwe mwenyewe." Akageuka, na ile sauti ya kanisani ikatoka, nene na ya upole. "Falesi, mke wangu. Usiogope. Sema mbele ya watu. Mimi nimekufanya nini? Hicho kidole amekuvunja nani?"

Jumbe akatikisa kichwa kukubali. "Ni haki yake kuuliza. Sema, mama. Ukisema umepigwa, tutasikia. Ukisema ulianguka, wageni watakunywa maji na kurudi kwao, na mimi jambo hili sitalisikia tena."

Enelesi alimtazama Falesi, na macho yake yalikuwa yanasema mengi, lakini aliyeulizwa ndiye anayejibu, na hata Enelesi hakuthubutu kuivunja desturi hiyo.

Falesi alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tayari, limelainika kwa kutumika. Nilianguka. Angelisema, mambo yangekwisha, watu wangekula. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kipigo cha baadaye. Aliogopa macho ya majirani, wale watu wema wenye baiskeli nzima, ambao wangejua kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akipiga soga nao kisimani huku akiwadanganya. Mtu mmoja akaguna.

Ndipo Tiyamike akatoka nyuma ya magoti ya bibi yake. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti kwa adabu mbele ya Jumbe, akapiga makofi kwa viganja vyake vidogo.

"Jumbe, mama alianguka," akasema. "Aliteleza kisimani. Mama huwa anateleza."

"Mtoto hadanganyi," Waisoni akasema, na baadhi ya majirani wakaitikia.

Falesi hakuwahi kumfundisha. Hakuna aliyemfundisha. Lakini ile sauti aliijua, ilikuwa yake. Hata pale katikati, anapomeza mate kabla ya kusema kisimani, mtoto alikuwa amemeza. Akamtazama vile alivyopiga magoti vizuri, shingo imeinama, na akamwona amekua, yuko kwenye uwanja mwingine, mbele ya wakwe wengine, anasema hivyohivyo. Hasira ikampanda, hasira ambayo hakujua bado anayo.

Akaushika ule utepe wa mpira kwa meno akaufungua. Kijiti kikaanguka kwenye mkeka.

"Mtoto anadanganya," akasema. "Anadanganya kama mimi. Sikuanguka. Sijawahi kuanguka." Akainua mkono watu wauone. "Alikikamata kidole hiki, akakipinda kidogo kidogo, kama anavyopinda waya wa gurudumu, akawa ananiuliza, 'Utamwambia nani?' Kila nikinyamaza anaongeza. Na hakuwa na hasira. Hilo ndilo nataka mlijue nyote, maana mnasema ana hasira za haraka. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaimba."

Akavua kitambaa cha kichwani. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na mahali pasipoota nywele, panang'aa, na mwanamke mmoja jirani akageuza uso.

Waisoni alikuwa bado na lile tabasamu, ila sasa lilikaa usoni pake kama kofia ya kuazima.

Jumbe akageukia mama mkwe, ambaye ni dada yake. "Dada, unalala ukuta kwa ukuta nao. Wewe ulisikia nini?"

Yule mama alikuwa amesimama karibu na chungu cha ugali. Falesi alifikiri atataja kisima. Badala yake alikwenda pale walipokaa wageni, akachukua kapu moja tupu, akaingia nyumbani kwa Falesi. Wakasikia vyombo vinagongana. Akatoka na sufuria kubwa na sahani za bati, akaziweka chini, akazipanga kapuni moja moja.

"Mama," Waisoni akasema.

Hiyo haikuwa sauti ya kanisani. Ilikuwa ile nyingine, ya chini na kavu, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijawahi kutoka nje ya mlango wake. "Mama. Weka chini."

Mabega ya yule mama yalipanda juu, yakaziba shingo, kwa namna Falesi aliyoifahamu mwilini mwake mwenyewe. Lakini aliiweka sahani ya mwisho ndani ya kapu, kisha akarudi ndani kufuata kinu.

Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Jumbe alikisugua kichwa chake kwa kiganja. Alikuwa mtu aliyeaibishwa kijijini kwake na mtoto wa dada yake, na alizeeka pale pale.

"Mchukueni," akamwambia Mjomba Binweli. "Na mtoto. Na kila kilicho chake. Mimi nilikula kuku wa ndoa hii pamoja na wewe, na mbele yako nasema imekwisha."

Wanawake wakaingia. Hawakuimba, hawakupiga vigelegele. Walitoa magodoro, ndoo, nguo, mbegu za karanga, jiko, wakafunga na kujitwika. Majirani waliondoka mmoja mmoja, na wengine walisukuma baiskeli zao alizotengeneza Waisoni bila kutazamana. Mama mkwe ndiye aliyemfunga Falesi mzigo wake mgongoni, kwa vile mkono wake haukuweza. Alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Falesi alitaka kumwambia neno, lakini Waisoni alikuwa amekaa mlangoni na mikono katikati ya magoti, anawatazama wote wawili, na neno likakataa kutoka.

"Nenda, mkwe wangu," yule mama akasema polepole. "Usigeuke."

Wakashika njia ya mtoni. Mjomba Binweli alijitwika kinu begani, kazi ambayo hakuna mwanamume wa Namikombe angependa kuonekana akiifanya, na alitembea nyuma ya wote bila kulalamika. Mara moja alisogea karibu na Falesi akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani," kisha akashindwa kumalizia alichodhani, na Falesi hakumsaidia. Enelesi alikuwa mbele, anapiga hatua za mtu anayefukuzwa. Hakuna aliyekohoa.

Falesi alingoja furaha imjie. Haikuja. Kilichokuja ni maumivu ya kidole, ambayo kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kufichwa yalipata nafasi, na uchovu kama wa mtu aliyelima tangu alfajiri. Lakini alikuwa ametolewa. Alilirudia neno hilo moyoni, na polepole lilianza kuwa kweli.

Tiyamike alitembea kimya pembeni yake, ameshika ncha ya kitenge. Falesi alijua kwamba siku moja atalazimika kukaa naye na kumwomba radhi kwa kumwita mwongo mbele za watu. Walipofika kwenye mteremko wa mto, mtoto akaivuta ile ncha ya kitenge.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Sasa baba atampiga nani?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza kesho tutakula nini. Wanawake waliokuwa karibu wakapunguza mwendo. Mjomba Binweli akasimama na kinu chake. Enelesi akageuka.

Falesi aliyaona tena moyoni yale mabega ya mama mkwe yalivyopanda na kuziba shingo. Aliangalia njia waliyotoka, ambako miti ilikuwa imeshaficha nyumba. Alijua kinachotakiwa, kurudi kumchukua yule mama, na alijua pia kwamba akirudi leo hatatoka tena. Akamwinua mtoto kwa mkono mzima na kumkalisha kiunoni, mzigo mgongoni, akateremka majini. Nguvu alizokuwa nazo siku hiyo zilitosha kuwaokoa watu wawili, na wa tatu alikuwa amebaki kule nyuma, anafagia uwanja.